Pedali Inashuka Kwenye Kona

Kijenge, Arusha
11 Februari 2024

Mpwa wangu Eliya,

Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Nimetoka kanisani Akheri sasa hivi, nilikaa benchi moja na mama yako. Goti bado linamsumbua, lakini aliimba mpaka ubeti wa mwisho, na tulipotoka akanibebesha mkungu wa ndizi mimi mwenye mgongo mbovu. Dada yangu huyo hana huruma, unamjua. Kahawa yake imechanua vizuri. Mama Hans anakusalimu na anasema upunguze chipsi.

Utashangaa kupata barua siku hizi. Simu zako sizipokei, hilo unalijua. Kwenye simu wewe una heshima nyingi na mimi nina hasira za karibu, nakata, halafu siku nzima naungua peke yangu. Karatasi nitaimaliza. Nimempa Philemoni, dereva wa basi, na wewe ukitaka kujibu mpe huyo huyo.

Jambo lenyewe ni Hans. Tangu mwaka jana mwanangu anakwenda Oldonyo Sambu na wenzake, kwenye kile kiwanja cha lami cha ndege za shamba ambacho hakitumiki tena. Wanapanga mapipa kuwa kona, wanakimbiza magari moja moja, wanapimana muda. Mimi sikupinga. Ile Subaru nyeupe tumeiunda mimi na yeye, kuanzia bodi tupu. Beringi ya mbele kulia nimeibadilisha mwenyewe kabla ya Krismasi, kwa mikono hii hii iliyokufundisha kushika spana.

Sasa tangu mwezi wa kwanza pedali ya breki inamfanyia vituko. Anaikanyaga inashuka chini kama amekanyaga mto wa kulalia, anaikanyaga tena inashika vizuri. Unajua nimejuaje? Hakuniambia. Nilikuwa nyuma ya kontena natafuta jeki, nikamsikia anakueleza wewe kwenye simu. Fundi wa miaka thelathini yupo hatua chache kutoka kwake, ana masikio, ana mikono, na mwanangu anamweleza mtu wa Tegeta. Tangu siku hiyo nikitega sikio ni Eliya kasema hivi, Eliya kasema vile. Hata chai imeanza kunichacha mdomoni.

Nilikuchukua baba yako alipofariki, ukiwa darasa la tatu. Ulilala chumba kimoja na Hans. Nilikupa ufundi wote niliokuwa nao, na miaka mitatu iliyopita ukaondoka na begi moja bila sababu inayoeleweka. Sikukufuata. Lakini mwanangu nakuomba usinichukulie.

Chochote ulichomwambia kuhusu hiyo breki niandikie mimi. Fundi wa gari lile ni mimi.

Mjomba wako,
Mikaeli

*

Tegeta, Dar es Salaam
25 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Barua yako Philemoni alinipa mkononi, akacheka kwamba siku hizi amekuwa posta. Huku joto ni lile lile, nimezoea. Kazini tunaandaa magari matatu ya tajiri kwa ajili ya mashindano ya Pasaka. Nimefurahi mama ameimba. Goti lake nimemtumia dawa ya kuchua, naomba umkumbushe kuitumia maana anapenda kuziweka kabatini. Mwambie Mama Hans chipsi nimepunguza, mayai bado.

Mjomba, Hans alinipigia, ni kweli. Nilimjibu muulize baba yako. Alipopiga tena nikamjibu hivyo hivyo. Mara ya tatu nikamsikiliza, kwa sababu alisema pedali ilishuka akiwa anakaribia mapipa ya mwisho, na mimi nikaogopa.

Nilimuuliza maswali, na majibu yake nakuandikia yote. Akienda moja kwa moja na kukanyaga breki, pedali ipo juu, ngumu, haina neno. Akikata kona ya kushoto kwa kasi halafu akakanyaga, inashuka. Akikata ya kulia, haishuki. Mara ya pili inarudi juu. Kwa hiyo sidhani ni upepo kwenye mabomba ya breki, maana upepo ungekuwepo hata akienda moja kwa moja. Ninavyoona mimi, kwenye kona ya kushoto uzito wote unalalia tairi la mbele kulia. Kama tairi hilo linacheza hata kidogo, diski ya breki inayumba, inazisukuma pedi zinazoibana zirudi ndani pamoja na pistoni. Ukikanyaga, pedali inatumia safari yake yote kuzirudisha pedi kwenye diski. Ndiyo maana mara ya pili inashika.

Kuna kitu kimoja nilimwambia afanye mpaka utakapoliangalia gari: kabla ya kukanyaga breki yenyewe aiguse kidogo kwa mguu wa kushoto, ili pedi zisogee. Hiyo siyo dawa. Nilimwambia hivyo pia.

Naomba ulinyanyue upande wa kulia na kulitikisa tairi. Sina zaidi ya hapo.

Mama alinitumia picha ya gereji. Naona ubao mmeupaka rangi upya. Umependeza.

Mpwa wako,
Eliya

*

Kijenge
24 Machi 2024

Eliya,

Marahaba. Mama yako dawa anaitumia, nimeisikia harufu yake kanisa zima. Mvua zimeanza, barabara ya gereji ni tope tupu na wateja wanalalamika kana kwamba mvua naileta mimi. Mama Hans alikuwa na mafua, yameisha.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Kazi yenyewe ni breki ya mwanangu. Nimetoa upepo kwenye breki za tairi zote nne, nimetoa tena. Nimebadilisha masta silinda, pampu yenyewe ya breki. Nimemwaga mafuta ya breki ya zamani na kuweka mapya. Pedi mpya. Na tairi la kulia nimelitikisa kama ulivyoagiza, bosi. Halichezi. Kwa hiyo nadharia yako ya Tegeta ibaki Tegeta.

Pedali bado inashuka. Sikufichi.

Lakini hilo silo lililonikera. Juzi nilipanda na Hans kwenda Levolosi dukani kwa mzee Jamaldini, yule muuza spea rafiki yangu aliyeniuzia ile beringi. Nimekaa pembeni yake, namtazama miguu. Kila tukitoka kwenye kona, mguu wa kushoto unachomoka, unaigusa breki, unarudi. Kila kona. Huyu mtoto nilimfundisha kuendesha akiwa amekaa mapajani mwangu. Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mguu wa kushoto ni wa klachi tu, hauna kazi nyingine duniani. Nikamuuliza huo mguu umeutoa wapi. Akasema kwa Eliya, tena akasema kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi. Mguu wa mwanangu unakutii wewe.

Halafu wakati tunarudi akatoa la pili. Anataka kuja huko, akae na wewe, ajifunze magari ya mashindano. Alisema kama anaomba kwenda dukani. Nilimuuliza hapa kuna nini ambacho hakipo, akasema, "Baba, hapa najua kila kitu utakachosema."

Nina wivu, Eliya. Naliandika maana hata nikilificha utaliona kwenye mwandiko. Nina watoto wa kike wawili walioolewa na huyu mmoja aliyependa gereji. Akiondoka nabaki na nani? Namba za haya magari ya watalii ninayoyatengeneza?

Usimwite. Akikuomba, mkatalie.

Mikaeli

*

Tegeta
14 Aprili 2024

Shikamoo mjomba,

Poleni na tope. Huku mvua imeingia mpaka ndani ya gereji, tulikuwa tunaokota spana kwenye maji. Gari mojawapo la tajiri lilishika nafasi ya pili Pasaka. Natumaini Mama Hans amepona kabisa. Mama anasema migomba miwili imeangushwa na upepo, naomba Hans aende akamsaidie kuweka miti ya kuiegemeza.

Mjomba, sikumwita Hans. Hilo wazo limetoka kwake. Na barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena, na leo nami nitaandika ambalo sijawahi kulisema.

Unasema niliondoka bila sababu inayoeleweka. Siku mafundi walipopandisha ubao wa "Mikaeli na Mwana" mimi ndiye niliyeshika ngazi. Hans wakati ule alikuwa hajui hata kufunga tairi, alikuwa shule, anakuja Jumamosi kuomba hela ya soda. Mimi nilikuwa nafungua gereji na kuifunga. Nilishika ile ngazi, nikausoma ubao kutoka chini, na nikamwonea wivu mdogo wangu. Jioni Mama Hans alipika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, sikuila. Ningebaki ningemchukia, na yeye hakuwa na kosa. Basi nikaondoka.

Kwa hiyo tusidanganyane, mjomba. Hans akinipigia nafurahi. Nafurahi sana. Ana baba wa kumuuliza na bado ananiuliza mimi. Lakini kila mara nimemwambia arudi kwako, na hilo limeniuma kuliko unavyodhani.

Sasa breki. Ulilitikisa tairi likiwa la baridi, nadhani. Naomba ulitikise gari likiwa limetoka kukimbizwa, habu, kile kitovu cha tairi, ikiwa ya moto. Usishike kushoto na kulia. Shika juu na chini, vuta na sukuma, na mtu mwingine aweke kidole kati ya diski na kalipa inayobana pedi. Ukiwa na ile geji yenye mshale, ifunge ikiegemea diski, uone mshale unatembea kiasi gani.

Na nina swali ambalo ukilichukia usinijibu. Ile nati ya habu ya kulia, siku ulipoweka beringi mpya, uliifungaje?

Nauliza kwa sababu najua ulivyonifundisha. Kaza mpaka iume, zungusha tairi kwa mkono, halafu rudisha nati nyuma kidogo ili beringi ipumue, vumbi na joto la mbugani visiiue. Kwa Land Cruiser ndivyo, na hakuna fundi Arusha anayeisikia beringi kwa vidole kama wewe. Subaru siyo hivyo. Beringi yake haitaki kupumua. Ile nati ndiyo inayoibana isicheze, inatakiwa ikazwe kwa nguvu zote za kipimo chake na iachwe hapo. Ukiirudisha nyuma, tairi linacheza. Mimi mwenyewe nilipofika huku niliirudisha, mkono ulirudi wenyewe. Walinicheka wiki nzima.

Naomba uiangalie kabla hajarudi kiwanjani.

Eliya

*

Tegeta
19 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini mko salama. Nimemuuliza Philemoni kama ana barua yako, kila safari anatikisa kichwa, sasa hata kumuuliza naona aibu. Mama anasema mnaonana kanisani na kwamba huongei habari zangu.

Hans kanipigia jana. Anasema pedali inazidi, na kwamba mvua ikikatika wanarudi kiwanjani. Nimemwambia asiendeshe. Amejibu kwamba baba kasema gari ni zima. Hapo nikamuaga, kwa sababu sitamwambia mtoto kwamba baba yake amekosea.

Nichukie, mjomba, unayo haki. Usimwache aendeshe.

Nimempa Philemoni boksi. Ndani kuna beringi na nati mpya, na spana ya kupimia mkazo. Namba nimeziandika kwenye karatasi. Unaiweka kwenye namba, unavuta, ikifika inalia. Ikilia acha, usirudishe nyuma.

Eliya

*

Kijenge
9 Juni 2024

Eliya,

Marahaba. Mama yako mzima, migomba Hans aliiegemeza, na wavunaji wa kahawa ameshaanza kuwatafuta. Mama Hans anasema mimi nimekonda. Amesema kweli.

Barua yako ya Aprili niliipata, nikaikunja ndogo, nikaitia kwenye kopo la misumari. Eti niliifungaje nati. Nimefunga nati kabla hujazaliwa. Sikulala vizuri, lakini sikuinuka kwenda kuiangalia. Boksi nalo lilifika. Nilimtuma Hans akalifuate stendi maana mgongo ulikataa, nikalisukuma chini ya benchi bila kulifungua.

Jumamosi ya tarehe mosi wakaenda kiwanjani, nami nikaenda. Hans hakunialika, nilijialika. Nilisimama kwenye mapipa ya mwisho pamoja na Lesian, yule mlinzi wa shamba, kwa sababu nilitaka kuona ile kona mwenyewe. Wengine wakapita. Akaja Hans. Akaikata kona ya kushoto vizuri, bwana, vizuri kabisa, moyo wangu ukajaa. Halafu nikamwona kichwa kinainama mbele, mtu anayetafuta breki na haipo. Alikanyaga tena, ikashika, lakini lami ilikuwa imeshaisha. Alizoa mapipa mawili, akaingia kwenye mahindi ya watu, akatokomea. Nikasikia mabua yanavunjika. Halafu sikusikia kitu.

Nilikimbia na mgongo wangu huu. Lesian alifika kwanza. Hans alikuwa ametoka, amesimama kwenye mahindi, mzima, hana hata mkwaruzo. Mimi huyu hapa mbele yake, baba yake mzazi, nahema. Akanitazama. Halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa simu.

Nilijua anampigia nani. Eliya, Mungu anisamehe, mtoto wangu alikuwa ametoka kwenye mdomo wa kaburi na mimi nilichokisikia kifuani ni wivu. Nilimnyang'anya ile simu. Nilimwambia kaa chini, gari naliangalia mimi.

Nikapiga jeki pale pale kwenye mahindi. Habu ilikuwa inaunguza. Nikashika juu na chini, nikavuta. Likagonga. Nililisikia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimelitikisa mwezi wa tatu likiwa la baridi, kwa haraka, kwa hasira ya kukuonyesha wewe, nikashika kushoto na kulia. Nikafungua kifuniko. Nati ilikuwa imerudishwa nyuma kidogo, kwa ustadi kabisa, kazi ya mtu anayejua magari ya watalii.

Tulilivuta gari mpaka Kijenge. Jumatatu nilimtuma Hans mjini makusudi, nikafungua boksi lako. Beringi nimeweka. Nati nimeikaza kwa spana yako, ikalia. Mkono wangu ulitaka kuirudisha nyuma, nikauondoa kwa mkono mwingine. Nimeendesha mwenyewe kiwanja kizima, kona ya kushoto kwa kasi ambayo umri wangu hautaki. Pedali haikushuka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Hans aliporudi akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia nimegundua mwenyewe, nililisikia tairi pale kwenye mahindi. Nikamwambia beringi ya kwanza ilikuwa mbovu, imetoka hivyo dukani. Akanikumbatia. Huyu ambaye hajanikumbatia tangu kipaimara. Akasema, "Mzee, hata Eliya hakuiona hii." Na mimi nikaila ile sifa yote, tamu kama asali ya Meru.

Usimwambie. Hilo ndilo ombi langu. Wewe una Dar, una matajiri, una jina. Niachie hili moja.

Mikaeli

*

Tegeta
23 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Nilisoma mpaka kwenye mahindi nikasimama, nikatoka nje, nikazunguka gereji. Namshukuru Mungu. Nimempigia mama, tukasali kwenye simu, na sikumwambia kwa nini. Pole ya mgongo. Mpe Mama Hans pole, na mmalizane na mwenye mahindi vizuri.

Sitamwambia Hans. Alinipigia Jumanne akaniambia, kwa maringo, "Baba kaiona, wewe hukuiona." Nikamwambia hongera kwa baba. Nilikata simu nikapiga teke tairi lililokuwa karibu, mpaka sasa kidole kinauma. Nilitaka sana kusema, mjomba. Nina ulimi kama watu wengine. Lakini nikawaza, mtu akiwa na baba wa kumjivunia mwache ajivunie. Mimi ningependa sana kuwa naye.

Basi sifa ni yako. Chukua yote, wala usinishukuru.

Ila nati siwezi kukuachia. Hans amekutazama ukifunga nati maisha yake yote. Mkono wake utafanya kama wako, kama wangu ulivyofanya. Umemwambia beringi ilikuwa mbovu, kwa hiyo siku akifunga nyingine ataikaza, ataizungusha, na atairudisha nyuma kwa heshima ya baba yake. Halafu atakata kona ya kushoto, na wewe hutakuwa umesimama kwenye mapipa. Mwambie. Sema umegundua wewe, sawa, lakini mwambie ilikuwa nati na mwambie aliyeifunga.

Nimekukosea adabu, najua. Nimeandika nikiwa nimesimama.

Eliya

*

Kijenge
14 Julai 2024

Eliya mwanangu,

Marahaba. Baridi ya mwaka huu siyo mchezo, mlima umevaa wingu tangu Jumatatu na mama yako anavuna kahawa amejifunga mablanketi mawili. Goti limempa nafuu. Mama Hans amekufungia kitu, asije akasema nimesahau kukitaja.

Barua yako niliikasirikia. Nilikuwa bado natafuta siku nzuri ya kuongea na Hans, na unajua siku nzuri za namna hiyo hazifiki, mpaka mzee Jamaldini akaingia gereji. Ana ile beringi ya zamani mkononi, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Kumbe Hans alikuwa amekwenda Levolosi kunitetea. Amesimama mlangoni pa duka la mzee, mbele ya wateja, akamtupia ile beringi, akamwambia anauza vitu feki vya kuua watu, nusura vimuue yeye. Jamaldini alimwacha mtoto. Alikuja kwangu. Akaniuliza, "Mikaeli, tangu lini nimekuuzia feki?"

Nilimwita Hans pale pale. Nikamwomba radhi mzee mbele yake, nikasema beringi haikuwa na kosa. Nikasema ilikuwa nati, niliifunga mimi, kama Land Cruiser. Nikachukua habu nikamwonyesha, hivi ndivyo nilivyofanya, hivi ndivyo inavyotakiwa. Jamaldini alikubali chai. Hans aliinama anatazama viatu.

Mzee alipoondoka nikasubiri mwanangu anidharau. Akasema, "Nilijua, baba." Nikamuuliza alijua nini. Akasema boksi alilifuata yeye stendi. Lilikuwa na mwandiko wako juu, na ndani vitu viligongana kama vyuma. Halafu siku ile aliporudi kutoka mjini akalikuta chini ya benchi limefunguliwa, tupu, na gari limepona. Kwa hiyo wakati ananikumbatia alijua aliyeiona ni wewe. Wakati anakupigia kwa maringo alijua, alitaka kuona kama utanichoma. Hukunichoma. Kwamba beringi haikuwa mbovu, hilo tu ndilo hakulijua, hapo aliniamini, na aibu yake ya Levolosi nimeibeba mimi.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nijisifu vile. Akasema, "Ulikuwa na furaha." Nikatoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo.

Sasa nina wivu na nyinyi wote wawili. Mimi nafanya hila zangu kama mtu mzima, na nyinyi mnanilea.

Amenieleza tena habari ya kuja huko. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Lakini nimekumbuka alivyosimama kwenye mahindi. Mtu anayekimbia kiasi kile lazima ajue gari lake kuliko ninavyolijua mimi, na mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Kuliandika hili kumenichukua juma zima na vikombe vingi vya chai. Anakuja Jumanne na basi la Philemoni. Barua hii ameibeba mwenyewe, nimeifunga kwa gundi ya matairi, maana namjua.

Mpe kitanda kizuri, wewe utalala popote. Asubuhi hali vizuri asipoamshwa. Akikosea mgombeze, mimi nimemdekeza. Mfundishe breki, mfundishe injini, mfundishe kona zote za kushoto na kulia, hata ule mguu wako wa kushoto sina la kusema tena.

Lakini akikuuliza jambo lolote la Land Cruiser, hata kama jibu unalo, hata kama ni dogo la kijinga, usimjibu. Mwambie anipigie mimi. Nitapokea.

Mjomba wako,
Mikaeli